Mtu wa Pembeni ya Kamera

Barua ilinikuta masjala ya hospitali, nikiwa nimekumbatia mafaili kumi na nane ya wagonjwa wa sukari. Simu ilitetemeka mfukoni, nikayabwaga mafaili juu ya kaunta, nikasoma nikiwa nimesimama. Chuo cha udaktari kilinishukuru kwa kushiriki usaili wa mtandaoni. Baada ya shukrani kikanieleza kwamba mimi ni mdanganyifu.

Hawakutumia neno hilo, waungwana wale. Waliandika kwamba mfumo wa ulinzi wa usaili umebaini mtahiniwa kuwasiliana kwa ishara za mikono na mtu aliyekuwa pembeni ya kamera, mara arobaini na mbili ndani ya dakika ishirini na tano. Alama zangu zimezuiwa. Alhamisi saa nne asubuhi niingie tena mtandaoni, nijieleze mbele ya jopo. Nisipotoa maelezo ya kuridhisha, nitafutwa kwenye orodha na sitaruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitano.

Miaka mitano! Nina ishirini na minne. Nilishaomba mara mbili bila hata kuitwa kwenye usaili, na hii ilikuwa ya tatu. Damu ilinipanda mpaka mzee mmoja aliyekuwa akisubiri faili lake akaniuliza kama nimefiwa.

"Bado, mzee wangu," nikamjibu, "lakini kuna mtu nitamzika."

Sasa acha nieleze ilivyokuwa, maana ukiisoma barua ile peke yake hata wewe utanihukumu.

Mama yangu ni kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, akapona kila kitu isipokuwa masikio. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na mikono yake ina maneno kuliko midomo ya mtaa mzima. Mimi ni mwanawe wa pekee. Tangu nilipojua kusimama nimekuwa mdomo wake sokoni, kwa mwenye nyumba, na hata shuleni kwangu mwenyewe nilipoambiwa nije na mzazi. Mwalimu alikuwa akimwaga maovu yangu na mimi namtafsiria mama, bila kupunguza hata moja, kwa sababu mama anasoma nyuso na angenikamata palepale. Mtaani wananiita Redio.

Nyumbani kwetu kuna sheria moja, aliiweka bibi kabla sijazaliwa: mbele ya mama hakuna kuongea bila mikono. Ukiongea kwa mdomo tu na yeye yupo, umemsengenya, hata kama ulikuwa unaulizia chumvi. Bibi alikuwa na vidole vya chuma. Alimfinya mjomba, akanifinya mimi, mpaka mikono yetu ikajifunza kuutangulia mdomo. Leo nikipokea simu na mama yuko chumbani, mkono mmoja unashika simu na mwingine unamweleza mama yanayosemwa. Wala siwazi. Siwezi kuuzuia, kama wewe usivyoweza kuzuia kope zako.

Siku ya usaili mjomba alikuja na kompyuta. Mjomba ni mdogo wake mama, fundi simu, mtu ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna jambo hajui. Tulikaa wote watatu tukasoma masharti moja baada ya jingine, kwa sauti na kwa mikono. Sharti la sita lilisema hivi: asiwepo karibu na mtahiniwa mtu yeyote anayeweza kusikia maswali.

"Mimi nasikia," mjomba akasema. "Nitakaa nje." Akaenda pia kumwomba jirani azime muziki.

Mama akatuuliza, "Na mimi?"

Tukatazamana, tukaangua kicheko. Maisha yake yote masikio yale yamekuwa sababu ya kutolewa: darasani, kwenye mikutano ya wazazi, hata kwenye kikundi cha mafundi wenzake. Kwa mara ya kwanza yalikuwa sababu ya kubaki. Tunaishi chumba kimoja chenye pazia katikati, na mama hakuwa na pa kwenda na kazi yake. Kitu pekee tulichomkataza ni cherehani, maana anaikanyaga bila kujua inavyopiga kelele. Akaiacha, akavuta kigoda kushoto kwangu, akakaa kushonea vifungo kwa mkono.

Hiyo ndiyo siri nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba sharti lile lilikuwa na maana zaidi ya lilichosema. Kwa watu wanaosikia huenda ni kichekesho. Kwetu lilikuwa wazi kabisa.

Nilipotoka kazini siku ile ya barua, mjomba alikuwa ameshafika nyumbani na mkakati mkononi.

"Wewe kataa," akasema. "Sema una tabia ya kurusha mikono ukiwa na wasiwasi. Sema ulikuwa peke yako. Kuna profesa pale anayejua lugha ya alama? Hakuna. Kamera ilimwona mama yako? Haikumwona. Kwa hiyo tatizo liko wapi?"

Nitakuwa mkweli: nilikubali. Kwa muda wa kikombe kizima cha chai nilikubali, tena tukafanya mazoezi. Mjomba akajifanya mwenyekiti wa jopo, akakunja uso, akakohoa kiprofesa. "Binti, chumbani mlikuwa wangapi?" Nami nikajibu, "Peke yangu, Profesa," kwa sauti ya mtoto mwema.

Tatizo ni kwamba hata njama tulikuwa tunaipanga kwa mikono. Sheria ni sheria. Cherehani ikanyamaza, na nilipogeuka mama alikuwa anatutazama, sketi ya shule imelala mapajani.

"Utasema sikuwepo?" akauliza.

Mjomba akamweleza haraka haraka: miaka mitano, jopo, kamera, kila kitu. Mama akafikiri kidogo. Akakata uzi kwa meno.

"Sema," akajibu. "Chukua nafasi yako. Mimi kutokuwepo nimezoea."

Hakusema kwa uchungu, na ndicho kilichoniudhi. Alisema kama mtu anayekwambia amezoea kupanda ngazi. Na ni kweli amezoea. Nilikuwa na miaka kumi daktari aliponiambia mimi, mtoto wa darasa la nne, kwamba mama atatolewa kizazi. Mama alikuwa amekaa pale pale, magoti yake yanagusana na meza ya daktari. Yule bwana alinitazama mimi tu, akanipa mimi karatasi, akaniambia mimi nimweleze "akitulia". Sikujua kizazi ni nini. Nilimwambia mama kwamba watamtoa kitu tumboni, yeye akadhani ni uvimbe, akasaini.

Sababu ya mimi kutaka udaktari ni ile, sina nyingine. Halafu leo niingie kwenye udaktari huohuo kwa kusema mama hakuwepo?

"Sisemi," nikamwambia mjomba.

"Hutasema nini?"

"Huo uongo. Sisemi."

"Redio, acha kichwa ngumu. Utapoteza nafasi kwa neno moja?"

"Si neno, ni mama yangu."

Mama naye akaja juu. "Mimi ndiye niliyekuzaa. Nakuamuru useme sikuwepo."

"Amuru, mama. Leo sitii."

Alinirushia futi kamba ya kupimia nguo, ikanipata shingoni. Nikaiokota, nikaikunja vizuri, nikamrudishia. Hatukusemeshana mpaka Jumatano, na ujue kwamba kununiwa na kiziwi ni kazi, kwa sababu anafumba macho tu na mazungumzo yameisha.

Alhamisi saa nne kasoro dakika tano mjomba alikuwa nyuma ya kompyuta, anashika waya kwa mkono kwa sababu tundu la chaji lilikuwa limelegea. Nilivuta kigoda, nikakiweka karibu na kiti changu, katikati kabisa ya picha. Nikamwendea mama kwenye cherehani.

"Njoo ukae."

"Sitaki."

"Wamemwita mtu wa pembeni. Ni wewe. Wakija wasipokukuta watasema tumekimbia."

Akajipangusa nyuzi kwenye gauni, akaja. Mjomba akashika kichwa kwa mkono uliobaki.

Skrini ikafunguka. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa profesa wa upasuaji, mwenye upara safi na sauti ya mtu aliyezoea kupishwa kwenye korido. Wa pili alikuwa daktari mwanamke mwenye miwani nyekundu. Wa tatu alizima kamera tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa muda mrefu sikuwa na ushahidi kwamba yupo.

"Kikao hiki ni cha mtahiniwa peke yake," mwenyekiti akasema. "Huyo ni nani?"

"Ndiye mtu mliyemwandika kwenye barua, Profesa. Ni mama yangu. Siku ya usaili alikuwa amekaa hapa, kushoto."

Nadhani walikuwa wamejiandaa kunibana nikikataa, sasa hawakujua waanzie wapi. Mjomba alifumba macho. Mikono yangu ilikuwa inamtafsiria mama kila neno, na mwenyekiti akawa anaitazama kama inzi waliomwingilia ofisini.

"Unaweza kutulia?"

"Nimetulia. Mama ni kiziwi, namweleza mnachosema. Na siku ile pia ndicho nilichokuwa nafanya."

Nikawaeleza sharti la sita tulivyolielewa. Daktari wa miwani nyekundu akainama, akasoma kwenye karatasi zake, akarudia kusoma. Akabana midomo. Alikuwa anazuia kicheko, na kwa hilo nikampenda kidogo.

Mwenyekiti hakucheka. "Tuone mkanda," akasema.

Wakaweka video ya usaili wangu, dakika ya kumi na moja, swali la tatu. Mgonjwa wa makamo ameletwa na binti yake, anahitaji upasuaji, haelewi maelezo, anakataa kusaini. Utafanya nini? Nikajiona kwenye skrini, kola imepinda, najibu kwa kujiamini kupita kiasi: "Nitamchukua binti yake pembeni, nimweleze kwa kina, yeye ndiye atakayemshawishi mgonjwa." Halafu macho yangu yakaenda kushoto. Sekunde saba. Nikaonekana nashtuka, kisha naona aibu. "Samahani, naomba kurekebisha. Nitaanza na mgonjwa mwenyewe. Nitamtafutia mtu wa kutafsiri kama lugha ndiyo kikwazo, lakini nitazungumza na yeye, na binti atakuwepo tu kama mgonjwa anataka."

Mwenyekiti akasimamisha video. "Jibu la kwanza lilikuwa dhaifu. La pili tulilipa alama zote. Katika zile sekunde saba uliambiwa nini?"

Nyuma ya kompyuta mjomba aliuachia waya, akaanza kunipigia alama kwa mikono yote miwili: Mkasi! Sema alikuomba mkasi! Kompyuta ikalia kuomba chaji, akaurukia waya tena. Na kwa kweli nani angejua? Dunia nzima ilikuwa inategemea tafsiri yangu. Kwenye kikao kile wanaoijua lugha hiyo walikuwa ni sisi watatu, na nilidhani wawili kati yetu wanataka niseme mkasi.

Miaka mitano. Mafaili ya sukari, mafaili ya presha, mpaka nizeeke nayo.

"Aliniuliza," nikasema, "mgonjwa mwenyewe kaenda wapi."

"Nini?"

"Nilipojibu kwamba nitamweleza binti, mama aliweka sindano chini, akaniuliza: na mgonjwa mwenyewe kaenda wapi? Nikajiona nilivyo mjinga, nikabadilisha jibu."

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulisaidiwa."

"Nakiri. Ile kamera yenu imeona vizuri. Lakini msiniambie nimenong'onezwa na mtu mwenye kitabu. Nilirekebishwa na mgonjwa. Huyu hapa ameongelewa juu ya kichwa chake kwa miaka arobaini, na madaktari mliowafundisha ninyi. Kama mnataka kunifuta, nifuteni kwa hilo, na muandike hivyohivyo kwenye barua, ili nikiulizwa nionyeshe."

Mjomba aliegemea ukuta, amekata tamaa kabisa.

Mwenyekiti akavuta pumzi. "Sawa. Mwambie mama yako kwamba alichofanya kimehatarisha—"

Mikono yangu ilishaanza. Nikaishusha, nikaiweka mapajani. Mama akanigeukia kwa mshangao, kwa sababu sijawahi kumfanyia hivyo.

"Profesa, huyu hapa," nikasema. "Mwambie mwenyewe, ukimtazama. Mimi nitatafsiri."

Nilidhani atakata mawasiliano. Yule wa kamera iliyozimwa alikohoa, kumbe yupo. Aliyezungumza ni daktari wa miwani nyekundu. Alisogea karibu na kamera yake, akaondoa macho kwangu.

"Mama, karibu kwenye kikao chetu," akasema. "Tulipaswa kukukaribisha mwanzoni. Ulijuaje swali letu?"

Nikatafsiri. Mama alikaa wima. Alianza kwa alama ndogondogo, za mtu anayepapasa njia gizani, halafu mikono ikafunguka, na mimi nikawa sauti tu.

"Kwa mikono ya mwanangu," akasema. "Haongei kwa siri mbele yangu, hivyo ndivyo tulivyomlea. Sikumpa jibu. Nilimuuliza swali. Mtoto akipotea mbele ya macho yangu nakaaje kimya? Mliandika mtu anayesikia, na mimi sisikii, nikakaa. Kama kuna mkosaji ni mimi. Hiyo miaka mitano nipeni mimi, kwa sababu sikuwa na mpango wa kuomba udaktari."

Daktari wa miwani nyekundu safari hii alicheka wazi. Mwenyekiti akasema watajadiliana, na skrini ikawa nyeusi.

Tulisubiri dakika arobaini. Mjomba hakutaka kunitazama. Mama alinishika kidevu, akaninyoosha kola, akaniambia mimi ni mpumbavu, na kwamba ningesema ule mkasi asingenisamehe. Nikamuuliza kwa nini basi alinirushia futi. Akajibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Waliporudi, mwenyekiti alisoma uamuzi. Hakuna nia ya udanganyifu. Usaili ule umefutwa. Nitafanyiwa mwingine siku hiyohiyo saa nane, chumbani asiwepo binadamu yeyote, na mtahiniwa aweke mikono juu ya meza muda wote, la sivyo mfumo utamkata tena.

"Mama atatoka," nikajibu. "Mikono haitoki."

"Binti, tumekusaidia vya kutosha."

"Nashukuru, Profesa, kutoka moyoni. Ila mimi nafikiri nikiwa na mikono. Mkiifunga, mtakuwa mnamsaili mtu mwingine. Mfumo ukinikata, nikateni. Siku nikiwa wodini nikimshika mgonjwa mkono, nao huo mfumo utakuja kuhesabu?"

"Uzimeni huo mfumo kwa dakika ishirini na tano," daktari wa miwani nyekundu akasema, amechoka. "Sisi hatuna macho?"

Saa nane mama alibeba kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili wa barabara, mjomba pembeni yake, wanaonekana na mtaa mzima ili asije mtu akasema neno. Nikafunga mlango. Chumba kilikuwa kimya, na kushoto kwangu hapakuwa na mtu. Mikono ikanyanyuka yenyewe.

Nisikuweke roho juu: nafasi niliipata, kwa alama sita tu juu ya mstari, na wapo watakaosema nilipendelewa. Waseme. Mimi nataka ujue kilichotokea walipofika swali la tatu.

Maswali mengine yote walikuwa wameyabadilisha. Lile la tatu mwenyekiti alilirudia neno kwa neno, la mgonjwa na binti yake, huku ananikazia macho. Niliuona mtego waziwazi. Ningeweza kutafuta maneno mapya, nikalipamba lionekane la kwangu. Sikupamba. Nilitoa jibu lilelile, polepole, kwa mdomo na kwa mikono: kwamba nitaanza na mgonjwa mwenyewe.

Akaweka kalamu chini.

"Hilo jibu ni lako?"

"Hapana, Profesa. Ni la mama yangu," nikasema. "Kama lina alama, andika jina lake."